NILISEMA SAMAKI WANASABIHI

Bismillahi Rahmani Rahim.



Usiku wa kuamkia Jumatano tumepata mvua ya kwanza hapa Shelui, alhamdulillah. Mliozaliwa huku mnajua maana yake. Sisi wa Singida mvua yetu ni moja tu kwa mwaka. Ikikatika mwezi wa nne au wa tano, basi mpaka Novemba, pengine Desemba, ni jua, upepo na vumbi la mbuga ya Wembere. Mbuzi wanatafuna hata maboksi. Halafu siku moja mawingu yanarundikana juu ya mlima Sekenke, upepo unageuka kuwa wa baridi, na madereva wa malori wanaoteremka zile kona wanawasha taa saa tisa mchana. Asubuhi yake nchi si ile tena. Vyura ambao hujui walikuwa wamejificha wapi wanapiga kelele kama wako mnadani. Kumbikumbi wanatoka ardhini, na watoto wa madrasa wanachelewa darasani wakiwa na mifuko ya kanzu imejaa mabawa. Mikrismasi ya kando ya barabara imeshawaka nyekundu (jina la mti si langu, msiniletee maneno).

Juzi nikaweka hapa picha niliyopiga baada ya mvua hiyo, kwenye bustani ya maji iliyoko kando ya barabara kuu, upande wa kuelekea Igunga. Wengi mmeipenda. Dada mmoja aliyeko Muscat akauliza: "Sheikh, wale samaki wekundu na weupe ni halali kuwafuga kwa ajili ya kuwatazama tu? Si israfu?" Wengine wakauliza bei ya vifaranga, mimi si muuzaji. Na mtu mmoja, ambaye sitamtaja, akaandika chini ya picha: "Hapo si ndipo yule kijana alipowapa samaki sumu?"

Maneno yale niliyafuta. Lakini kuyafuta hakutoshi, na ndiyo sababu ya kuandika leo. Nitaanza na swali la dada, kwa sababu ni jepesi na jibu lake lipo. Hilo jingine nitalifikia, inshaallah, ingawa kalamu inasita.

Kuhusu kufuga kiumbe kwa ajili ya kuburudika naye, wanachuoni wetu wanarejea kwenye hadithi ya Anas bin Malik (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim. Anas alikuwa na mdogo wake, kitoto, akiitwa Abu Umayr. Mtoto huyo alikuwa na kindege anachocheza nacho. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia nyumbani kwao, na siku moja akamkuta mtoto ana huzuni kwa sababu kindege kimekufa. Akamliwaza kwa utani, akimuuliza habari za kindege chake kwa maneno yenye vina ili acheke. Basi. Hadithi yenyewe ni fupi hivyo. Lakini mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Ibn al-Qass, aliyeishi katika karne ya 4 ya Hijra, aliandika kitabu kizima juu ya hadithi hii moja na akatoa ndani yake faida sitini. Miongoni mwa faida hizo ni kwamba inajuzu mtoto kuwa na ndege wa kucheza naye, na kumfungia. Sharti ni kwamba umlishe, umnyweshe, usimtese. Ukishindwa hilo, unaingia kwenye hadithi nyingine mnayoijua wote, ya yule mwanamke na paka aliyemfungia hadi akafa kwa njaa.

Basi na samaki ni hivyo hivyo. Wale wa rangi wanaitwa koi. Ni samaki wa jamii ya kapu, na asili ya rangi zile ni wakulima wa milima ya Niigata huko Japani, waliokuwa wakifuga kapu wa kawaida kwa kitoweo karibu na mashamba yao ya mpunga. Katika karne ya 19 wakaanza kuwatenga wale waliozaliwa na mabaka mekundu na meupe, wakazalisha hao kwa hao. Mwaka 1914 wakawapeleka kwenye maonyesho Tokyo, na tangu hapo dunia nzima ikawatamani. Angalia jambo hilo: alianza kama mboga ya mkulima. Uzuri ulikuwa ndani yake siku zote, ukangoja mtu wa kuuangalia. Kule kwao wakati wa baridi kali samaki hawa hukaa chini kabisa wala hawali, na maji yakipata joto ndipo wanapanda juu kuomba chakula, na ndipo bustani za kuuza samaki na mayungiyungi hujaa watu. Huku kwetu hawalali kamwe. Joto la Shelui unalijua.

Kwa hiyo, dada yangu, inajuzu, maadamu fedha si ya haki ya mtu mwingine na wewe si mtu wa kujifakharisha. Hilo la israfu nililisema hata mimi, tena kwa sauti kubwa kuliko yako. Sasa nieleze nilivyolisema na lilivyonirudia.

Bustani ile ni ya muumini wetu mmoja, mfanyabiashara, mtu mwenye heri. Alianza na kitalu cha miche: maembe, mapapai, michungwa, na maua ya kupamba nyumba. Akachimba kisima. Akaona maji yapo, akajenga kibwawa cha saruji, akaweka mawe ya kwetu ya Iramba, na pampu ndogo inayopandisha maji juu ya mawe yakarudi yakianguka. Akaleta koi kutoka Dar es Salaam ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Watu wa mabasi wakawa wanashuka kupiga picha, na akishuka mtu hakosi kununua mche. Kisha akachimba bwawa la udongo nyuma ya kitalu, mita ishirini kwa kumi, akapanda perege. Bwawa hilo akalitoa waqfu: mapato yake yote yawe ya madrasa yetu na watoto yatima tunaowasomesha. Akanikabidhi mimi na kamati ya msikiti.

Nami nikamweka kijana mmoja wa kulitunza. Alikuwa amesoma kwangu madrasa tangu mdogo, na alikuwa amekaa miezi kadhaa upande wa Igunga akijifunza ufugaji wa samaki. Mnajua huko Mwamapuli kuna kituo cha serikali cha mambo hayo. Jina lake silitaji. Wenyeji mnamjua, na wasiomjua hawana haja ya kumjua.

Kijana yule alinifundisha mambo ya ajabu. Alinionyesha perege jike aliyevimba shavu, akaniambia, "Sheikh, huyu ana mayai mdomoni." Perege anataga kisha anayachukua mayai yote mdomoni mwake, anayaatamia humo mpaka yaanguliwe, na hata vifaranga wakishatoka, wakiona hatari wanarudi kujificha mdomoni mwa mama. Siku zote hizo, wiki moja, hata karibu mbili, mama huyo hali kitu. Nilifanya khutba nzima juu ya samaki huyo, kuwaambia vijana kuhusu mama zao. Watu walilia. Nakiri nilifurahi walivyolia.

Sasa sikilizeni.

Mwaka juzi kiangazi kilikuwa kirefu. Bwawa lilipungua maji, likawa kijani kama supu ya mlenda. Samaki walikuwa wamezidi, kwani tulipanda elfu moja na mia tano. Kijana alisema mia sita wanatosha, sisi wanakamati tukasema tuongeze, yatima ni wengi. Samadi ya ng'ombe ya kurutubisha maji tulipewa bure, tukaimwaga bila kipimo. Pumba na mashudu ya alizeti yalikuwepo ya kutosha, maana huu ni mkoa wa alizeti, tukasema walishwe sana wanenepe kabla ya Ramadhani.

Mimi huamka mapema. Kabla ya adhana ya alfajiri nilikuwa napita pale bustanini na tochi, kwa kuwa ni njiani kwangu kwenda msikitini. Mwezi ule wa Novemba, mawingu yalipoanza kufunga, nikaanza kuona jambo. Samaki wa bwawa kubwa, mamia kwa mamia, walikuwa wamepanda juu kabisa, vichwa vimeelekea juu, midomo inafunguka na kufumba, inafunguka na kufumba. Maji yote yanatetemeka kwa midomo ile. Kimya, giza, na midomo. Nilisimama pale nikalia, Wallahi. Nikakumbuka aya ya 44 ya Suratul Israa, kwamba hakuna kitu chochote ila kinamtakasa Mola wake kwa kumhimidi. Nikasema: hawa wamenitangulia. Mimi naenda kusali, wao wameshaanza.

Jioni yake nikalisimulia kwenye darsa baada ya magharibi. Nikawaambia waumini: nendeni mkaone samaki wanavyosabihi wakati ninyi mmelala. Na baadhi walikwenda, wakasimama na tochi zao, wakasema subhanallah, wakarudi.

Kijana alikuja nyumbani kwangu usiku ule ule. Aliamkia, akakaa pale barazani, akasema: "Sheikh, nisamehe, wale samaki hawasabihi. Wanakosa hewa." Akaniomba tununue pampu ya kurusha maji kama ile ya kibwawa cha koi, au angalau ile ya koi ihamishwe usiku. Akaomba tuvue nusu tuuze sasa hivi, hata kwa bei ya chini. Akaomba tuache kulisha mpaka jua litoke.

Nami nilimjibu nini? Nilimwambia fedha ya waqfu si ya kuchezea. Nilimwambia ile pampu ya koi yenyewe nimeshamwambia mwenye bustani kuwa ni israfu, umeme wa LUKU unaliwa usiku kucha ili maji yaanguke juu ya mawe bila anayeyatazama. Na nikamalizia kwa neno tunalolipenda sisi masheikh pale tunapotaka mtu aondoke: "Subiri, mwanangu. Subira ni nusu ya imani." Akainuka, akaniaga kwa adabu.

Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha usiku. Maji ya mteremko yaliingia bwawani na kila uchafu wa barabarani. Alfajiri nilipopita hakukuwa na midomo. Kulikuwa na matumbo meupe, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule.

Tulihesabu zaidi ya mia nane kabla hatujachoka. Wakubwa karibu wote. Kwenye kibwawa cha saruji, hatua thelathini tu kutoka pale, maji yalikuwa yanaanguka juu ya mawe kama kawaida, na wale koi wekundu wanazunguka, wazima wote, wananiangalia kama wanaomba chakula.

Watu wakajaa. Na watu wakijaa, maneno hujaa. Mjumbe mmoja akaokota kando ya uzio chupa tupu ya dawa ya pamba. Huku tunalima pamba, chupa za namna hiyo ziko kila mahali, watoto wanachezea. Lakini ilitosha. Mwingine akakumbuka kijana alikuwa akidai malipo yake ya miezi miwili (ni kweli alikuwa anadai, na deni lilikuwa letu). Mwingine akasema aliwahi kusikika akilalamika kwamba kamati haimsikilizi. Kufika saa tatu asubuhi neno "sumu" lilikuwa limefika stendi, na kufika adhuhuri lilikuwa kwenye simu za watu wa Kiomboi.

Wakaniuliza mimi. Walinigeukia wote, na kijana yupo pale, miguu imejaa tope, kwa sababu alikuwa ameingia majini kujaribu kuokoa waliokuwa bado wanapumua. Alikuwa anarusha maji kwa beseni. Hakusema kitu. Aliniangalia tu.

Nami nilinyamaza.

Ndugu zangu, ningeweza kusema nilinyamaza kwa busara, ili ukweli ujitokeze. Nilijiambia hivyo kwa siku kadhaa. Lakini sikuwa na busara yoyote pale. Nilijua, angalau nusu yangu ilijua, kwamba kama si sumu basi ni ile pampu. Na kama ni ile pampu, basi ni mimi. Kunyamaza kwangu kulinifaa mimi. Na kinyume chake, ningefungua mdomo kusema neno moja tu, "Huyu alinionya," mambo yangeisha pale pale.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimetafsiri mimbarini aya ya 12 ya Suratul Hujurat, inayotuonya tujiepushe na dhana nyingi.

Wakauliza tena: samaki hawa waliwe? Katika madhehebu yetu samaki aliyekufa majini ni halali, hakuchinjwi. Bahari maji yake ni twahara na mfu wake ni halali, hadithi inajulikana. Kama tungejua wamekufa kwa kukosa hewa, na ilikuwa bado alfajiri na wabichi, tungegawa kitoweo kwa kila nyumba ya mjane Shelui nzima. Lakini tumesema ni sumu. Kwa hiyo nikatoa fatwa kwamba ni haramu kwa sababu ya madhara, na tukafukia kilo kwa kilo za samaki wazuri kwenye shimo. Dhana ikala hata chakula cha yatima.

Kijana aliondoka Shelui jioni ile. Hakufukuzwa, mtu asiseme alifukuzwa. Alipanda lori tu.

Siku ya tano akaja afisa uvuvi kutoka halmashauri, mtu mpole, mwenye asili ya Ukerewe, anajua samaki kama sisi tunavyojua Juzuu Amma. Hakuuliza habari za chupa. Aliuliza maswali madogo madogo. Walikufa saa ngapi? Alfajiri. Mawingu yalifunga siku ngapi kabla? Tatu, nne. Waliokufa ni wakubwa au wadogo? Wakubwa. Vyura je? Tukasikiliza: vyura walikuwa wanapiga kelele kuliko siku zote. Akatikisa kichwa. Akasema sumu ya pamba haichagui wakubwa, na ingeanza na wadudu wa majini na vyura na vifaranga. Akapiga magoti ukingoni, akaingiza mkono majini. Kiganja kilipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko. Akasema maji yakiwa hivi yamekuwa mazito mno.

Akatueleza hivi, nami nawaeleza kama nilivyofahamu. Ule ukijani wa maji ni vijimea vidogo. Mchana, jua likiwaka, vinatoa hewa ya oksijeni na samaki wanapumua vizuri. Usiku havitoi, bali na vyenyewe vinavuta hewa ile ile, pamoja na samaki, pamoja na uchafu unaooza chini. Kwa hiyo saa ambayo hewa imekwisha kabisa majini ni kabla ya jua kuchomoza. Mawingu yakifunga siku kadhaa, mchana hakuna kinachoongezwa. Halafu mvua ya baridi inashuka, maji ya juu yanazama na ya chini yanapanda na uozo wake wote. Samaki hupanda juu kabisa, kwenye ule utando mwembamba unaogusa upepo, na kufungua midomo. Mkubwa anahitaji zaidi, ndiye wa kwanza kufa. "Mkiwaona hivyo," akasema, "mna siku chache, pengine usiku mmoja. Rusheni maji, ingizeni maji mapya ya kisima, acheni kulisha, punguzeni samaki." Kisha akauliza, "Hakuna aliyeona dalili hizo hapa?"

Watu wote wa darsa langu walikuwa wameona. Niliwatuma mimi.

Tangu siku hiyo nimeirudia ile aya ya Suratul Israa mara nyingi, na kila nikiirudia najiuliza nilikuwa naisoma vipi. Maana aya haikuishia pale nilipoishia mimi. Baada ya kusema kila kitu kinamtakasa, Allah anatuambia kwamba sisi hatuzifahamu tasbihi zao. Hatuzifahamu! Na mimi nikasimama na tochi nikazitafsiri.

Na kuna hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Jaafar (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliingia kwenye bustani ya mmoja wa Ansari. Humo mlikuwa na ngamia. Ngamia alipomwona akatoa sauti ya kuugulia na machozi yakamtoka. Tuseme ningekuwa mimi siku ile. Ningesema, tazameni mnyama anavyolia kwa kumcha Mola wake. Mtume, ambaye wanyama na mawe vilimjua, alimwendea, akampapasa nyuma ya masikio, ngamia akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Akaja kijana wa Kiansari. Mtume akamwambia amche Allah kwa mnyama aliyemmilikisha, kwani amemshtakia kwamba anamwacha na njaa na kumchosha. Alimwona kiumbe analia, akaanza kwa kuuliza ana shida gani na nani anahusika.

Na ile hadithi ya Abu Dardaa, kwamba hata samaki majini wanamwombea maghfira mwenye elimu! Tangu utoto madrasa niliipenda kuliko zote. Sasa kila nikiipitia naona aibu kuisoma kwa sauti.

Nilimwendea mama yake kijana. Ni mwanamke anayeuza vitumbua karibu na stendi, ananizidi umri kidogo. Nilikwenda baada ya isha, nikiwa nimefunika kichwa kwa shuka kama mtu mwenye homa. Nikamwambia yote. Nikamwomba radhi, na nikamkabidhi malipo ya miezi miwili. Alihesabu fedha, akazifunga kwenye ncha ya khanga. Kisha akasema:

"Sheikh, mwanangu ulimnyamazia mbele ya watu, mchana. Sasa unakuja kumsemea kwangu mimi, usiku."

Sikuwa na jibu. Kwa sheria yetu toba ya haki ya mtu haitimii mpaka umrejeshee, na heshima ya mtu hurejeshwa pale pale ilipoporwa. Hilo nalifundisha kila mwaka katika fiqhi. Ikabidi nifundishwe na muuza vitumbua.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilisimama nikasema. Nilitaja pampu, nilitaja barazani kwangu, nilitaja kunyamaza kwangu. Mzee mmoja wa kamati hakunisalimia miezi mitatu kwa kuwa aliona nimeidhalilisha kamati. Mwenye bustani alinunua pampu ya pili kwa fedha yake, akachimba mtaro wa kugeuza maji ya barabarani. Kiangazi kilichofuata tulikausha bwawa tukatoa tope lote kwa majembe na matoroli, tukapanda mia sita.

Nikadhani yamekwisha. Lakini maneno ya msikitini hayana miguu mirefu kama maneno ya simu. Mwezi uliopita kijana alikuwa amepata kazi kwenye mabwawa ya mtu upande wa Igunga, na yule mtu akapiga simu kwa mtu wa Shelui kuulizia tabia zake. Akaambiwa, "Huyo? Aliua samaki wa msikiti." Kazi ikasimama. Na juzi tena nayakuta maneno yale yale chini ya picha niliyoiweka mwenyewe.

Kwa hiyo naandika hapa, mchana, mbele ya watu, ili anayetafuta jina lake akute na haya: Kijana yule hakumpa samaki yeyote sumu. Alituonya, nami nilimpuuza. Waliokufa walikufa kwa uamuzi wangu. Anayetaka kumwajiri anipigie mimi, nitamwambia hivyo hivyo. Na wewe uliyeandika chini ya picha, sikulaumu, ulipewa habari na kunyamaza kwangu. Ila ifute na huko kwingine ulikoipeleka.

Jumatano alfajiri, baada ya ile mvua, simu yangu iliita kabla sijatoka nyumbani. Ni yeye. Huko alipo nako kulinyesha. Hakuniamkia hata, na si kawaida yake.

"Sheikh, umeshafika bwawani?"

Nikamwambia ndiyo kwanza navaa viatu.

"Leo msiwalishe. Washa pampu zote mbili, na ya koi usiizime. Halafu mulika uniambie midomo iko wapi."

Nikatoka na tochi. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu tu, na kumbikumbi wanagonga kwenye mwanga. Nikasimama ukingoni, simu sikioni, nikamulika kutoka upande huu hadi ule. Maji yalikuwa yanarushwa na pampu. Hapa na pale perege alipanda, akadaka kumbikumbi, akazama.

"Wako chini," nikamwambia. "Wanapanda kula tu."

"Kaa hapo mpaka jua litoke, Sheikh," akasema. "Usiende kwanza."

Nikampigia mwadhini simu nyingine, nikamwambia leo aswalishe yeye.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.